Kabla ya Maji Kupanda



Katika nchi za baridi, mwenye mashua ndogo ya tanga huipandisha nchi kavu kabla theluji haijaanguka, huifunika kwa turubai, na majira ya machipuko yakikaribia huikwangua ukoga, huipaka rangi upya na kuishusha majini. Sisi wa Kasongo na Kabambare theluji twaijua kwa picha za vitabuni, na mitumbwi yetu ya Lualaba na Luama huendeshwa kwa kafi na upondo, si kwa tanga. Hata hivyo kazi hiyo si ngeni kwetu. Majira yetu ya kulaza chombo ni kiangazi, na kinachokiharibu chombo kwetu ni jua. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane mto hushuka, mchanga hujitokeza mahali tulipopita mwezi wa nne tukipiga makafi, na mtumbwi ulioachwa ufukweni bila kivuli hupasuka kama chungu kilichosahauliwa motoni.

Wengi wenu mmekwisha kuvuka Lualaba mkiwa mmekaa kimya, mikono magotini, bila kuuliza nani aliukagua mtumbwi ule na lini. Ndiyo sababu tunawaandikia habari za kazi ya mwezi wa tisa na wa kumi, kama tulivyoifanya sisi watu wanane tunaoshirikiana mtumbwi mmoja kwenye kivuko kidogo upande wa magharibi wa Kasongo. Mtumbwi huo huwavusha wanafunzi, akina mama waendao sokoni, wagonjwa, wasafiri watokao hata Kabambare na mzigo wao kuifuata reli inayopita ng'ambo kati ya Kongolo na Kindu, na siku nyingine padre aendaye kusoma misa katika kanisa dogo la ng'ambo. Nauli yake hulipa karo ya watoto wanne waliofiwa na wazazi. Wakati wa kiangazi, kijito tunachoegeshea hukauka, nao mtumbwi mkubwa hupumzika. Anayetaka kuvuka hutumia mitumbwi midogo ya wavuvi, mmoja mmoja au wawili wawili.

Kuna jambo moja juu ya mto wetu ambalo kila kijana aliyezaliwa kando yake hulijua kwa macho ingawa pengine hajaambiwa sababu yake. Mvua ya kwanza ikinyesha Kasongo mwezi wa tisa, mto haupandi siku ile. Maji ya Lualaba hutoka mbali, kusini, katika nyanda za juu za Katanga. Hupita kwanza Bukama, kisha hutangatanga katika maziwa na vinamasi vya Upemba, hupita Kongolo, hubanwa katika korongo ambalo Wazungu waliliita Lango la Jehanamu, ndipo yatufikie. Kwa hiyo mbingu hufunguka mapema, lakini mto hukawia. Katikati ya mvua ya kwanza na kupanda kwa maji tunapewa majuma kadhaa: hewa imekwisha kupata unyevu, mti haukauki tena kwa ukali, na kijito bado ni kitupu. Hayo ndiyo majuma ya kazi. Anayeyapoteza atatengeneza mtumbwi maji yakiwa magotini, au hatautengeneza kabisa.

Kwanza tuseme namna ya kuulaza, kwa maana matengenezo ya mwezi wa kumi huanza mwezi wa tano. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuupandisha juu ya magogo mawili, kichwa chini, chini ya mti wenye kivuli kizito, na kuufunika kwa majani ya mgomba au ya mwale. Magogo ni ya lazima, kwa sababu mtumbwi ukigusa udongo, mchwa huingia kwa chini bila kubisha hodi. Njia ya pili humshangaza mgeni: ni kuuzamisha. Wavuvi hutafuta ghuba isiyokauka, huujaza mtumbwi mawe na kuulaza chini ya maji kiangazi chote. Mtu huuliza, je, hautaoza? Hauozi upesi, kwa sababu kuvu iozeshayo mti huhitaji hewa, na mti ulioshiba maji hauna hewa ndani. Wala haupasuki. Mti hupasuka kwa sababu ngozi yake ya nje hukauka na kusinyaa kabla ya moyo wake. Nje hutaka kuwa ndogo, ndani hukataa, na kitu lazima kiachie.

Katika nchi ya Galilaya, mwezi wa kwanza wa mwaka 1986, ukame ulikuwa umelishusha ziwa, na ndugu wawili wavuvi wakaona ubavu wa chombo ukichomoza matopeni. Kilikuwa mashua yenye urefu wa mita 8 na kitu, upana wa mita 2 na zaidi, na wataalamu walikadiria umri wake kuwa ni wa karne zile za Bwana wetu. Hakuna awezaye kusema nani alipanda ndani yake, na wasemao zaidi ya hapo wanauza picha. Kilichotugusa sisi wenye mtumbwi ni mambo mawili. La kwanza: matope yaliyojaa maji ndiyo yaliyoitunza karibu miaka 2000, na wale walioitoa walilazimika kuilowesha mfululizo isije ikapasuka kwa kukauka, kisha wakaiweka kwa miaka mingi katika birika la dawa ya nta iliyochukua nafasi ya maji ndani ya mti. La pili: mashua hiyo ilikuwa imetengenezwa na kutengenezwa tena kwa miti ya aina kumi au zaidi. Mbao za mwerezi na mataruma ya mwaloni, ndiyo, lakini pia vipande vya mti wowote uliopatikana. Waliokuwa nayo hawakuwa matajiri. Kila mara ilipochoka, mtu fulani alitafuta kipande akaweka kiraka. Injili yatuambia kwamba wana wa Zebedayo waliitwa wakiwa chomboni wakitengeneza nyavu. Baada ya kusoma habari za mashua ile, twaona kwamba haikuwa kazi ya siku moja.

Pwani ya Waswahili, ambako lugha hii tunayoiandika ilitoka ikapanda hadi kwetu pamoja na misafara, kazi hiyo ina maneno yake, na ni vema vijana wayajue. Kupigilia pamba iliyoloweshwa mafuta katika maungio ya mbao huitwa kukalafati. Chombo kikiwa nchi kavu, hupitishwa moto wa makuti chini ya tumbo lake kuwaua wadudu wa maji ya chumvi watoboao mbao, kisha hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kukishusha majini ni kukishua. Sisi hatuna mdudu yule, kwa kuwa haishi katika maji baridi ya mtoni. Lakini moto wa nyasi chini ya tumbo la mtumbwi tunao, nao hukausha uso wa mti na kuunguza ukoga.

Mtumbwi wetu ni wa mvule, mti ambao wafanyabiashara wa mbao wa nchi yetu huuita kambala. Ulichongwa kwa shoka na tezo kutoka gogo moja, na baba yake mzee yule ambaye leo ndiye fundi wetu. Ni Mgenya, wa watu wa mto tangu kale, na vijana humwita Baba Mzee. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi tuliondoa majani, tukaugeuza, tukauosha kwa maji na mchanga. Kisha Baba Mzee akachukua kinyundo cha mti akaanza kuupiga kutoka kichwani kuelekea mkiani, shubiri kwa shubiri, sikio lake likiwa karibu na mti. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Mti uliooza hunyamaza, kama mtu aliyeulizwa neno asilotaka kulijibu. Alipofika mkiani, palipobaki kama sentimita 60, mtumbwi ulinyamaza. Akatoa kisu akaugusa kwa ncha tu, bila nguvu. Kisu kikaingia hadi nusu.

Nyufa nyingine zilikuwa za kawaida. Ufa mwembamba ufuatao mshipa wa mti husafishwa, hujazwa nyuzi za mwale zilizosokotwa, hupigiliwa kwa kabari butu, kisha humiminiwa lami ya moto. Ukiwa mpana, juu yake huwekwa kipande cha bati chenye misumari midogo iliyokaribiana. Wako wanaoyeyusha bidoni kuukuu za plastiki na kumimina mahali pa lami. Sisi hatuipendi njia hiyo, kwa sababu plastiki ikipoa huwa ngumu, na mtumbwi ni kitu kinachopumua: hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na kilichogandamana bila kunyumbuka hubanduka chote kwa mara moja. Lakini habari ya mkia haikuwa ya ufa.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na tutayasimulia yote kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo. Vijana watatu wa kikundi chetu, wapiga kafi hodari, walisema: tukate sehemu iliyooza kiasi, tuzibe mkia kwa udongo wa mfinyanzi, tushuke majini mara tu kijito kitakapojaa. Njia hiyo ipo. Mmeiona nyote: mtumbwi uliovunjika mkia, na mahali pa mkia pamejengwa ukuta wa udongo ulioshindiliwa, na mtoto mmoja ameketi karibu nao akiutia maji na kuupapasa usipasuke. Wavuvi wengi huishi hivyo. Vijana walitaja tena jambo la kweli: watoto wanne walikuwa wamerudi shuleni mwezi wa tisa na karo ya mwanzo haijalipwa, na kila siku ya soko tuliyokosa ilikuwa fedha iliyokwenda kwa mwingine.

Baba Mzee akawajibu, "Wanangu, udongo humvusha mvuvi anayejua kuogelea na samaki wake waliokwisha kufa. Mimi sivushi samaki."

Akataka mkia ukatwe wote, sentimita 60 pamoja na kidogo cha mti mzima. Ndani ya mwisho mpya uchongwe mfuo wa kuzunguka kuanzia ukingo hadi ukingo, na ubao mmoja mnene wa mvule uingizwe humo kwa kubana, ukalafatiwe pande zote mbili, na mti wa kukingama upigiliwe nyuma yake kuushikilia. Kazi ya majuma mawili, pamoja na kuutafuta ubao.

Mmoja wetu, ambaye amesomea ualimu na amefundisha hesabu kwa miaka mingi, akachukua kijiti akaandika mchangani, na tunaomba mfuate naye kwa kalamu, kwa maana hesabu hii ni ya darasa la sita na inaweza kumwokoa mtu. Mtumbwi ulikuwa na urefu wa mita 8 na sentimita 60, na upana wa wastani wa sentimita 50. Zidisha: mita za mraba 4.3. Ukizama sentimita moja zaidi, unasukuma kando lita 43 za maji, na maji hayo yaubeba uzito ulio sawa na wake, kilo 43. Ndiyo kanuni ya Archimedes. Mtu mzima pamoja na mzigo wake tumkadirie kilo 80. Mtumbwi ukiwa na wapiga kafi wake wawili tu, ubavu wake hubaki juu ya maji sentimita 30. Baba Mzee hakubali kamwe ubavu ubaki chini ya sentimita 15, kwa sababu ya upepo wa alasiri na mawimbi yake. Basi zilizopo za kutumia ni sentimita 15. Abiria wanane ni kilo 640, nazo huuzamisha kiasi cha sentimita 15 kasoro kidogo. Wanane wanaingia.

Sasa ukate mkia. Urefu ni mita 8, eneo ni mita za mraba 4, kila sentimita ni kilo 40. Abiria wanane wanazamisha sentimita 16. Wanane hawaingii tena, wanaingia saba.

Vijana wakanyamaza. Walikuwa wameelewa upesi kuliko tulivyotazamia. Njia ya Baba Mzee haikutugharimu majuma mawili tu. Ilitugharimu abiria mmoja katika kila safari, kwenda na kurudi, siku zote za maisha ya mtumbwi ule. Mmoja wao akasema kwa adabu, "Baba Mzee, huyo mmoja ndiye daftari na karo ya mtoto." Ilikuwa kweli. Hatukuwa na jibu la kuifanya isiwe kweli. Mwingine akauliza mbona mitumbwi mingine ya kivukoni hupakia 12 na hufika. Mwalimu akaandika tena: 12 mara 80 ni kilo 960, gawanya kwa 40, sentimita 24. Ubavu unabaki sentimita 6, upana wa vidole vinne vya mkono. Hufika, ndiyo, siku isiyo na upepo, asiposimama mtu. Kila mmoja wetu alikuwa na jina la mtu wake ambaye siku moja hakufika, wala hapakuwa na haja ya kuyataja majina hayo.

Tulikata mkia siku iliyofuata. Msumeno ulipita katika mti mlaini kama muhogo uliolowekwa, kisha ukagonga mti mzima na sauti ikabadilika. Hapo tukajua tumefika. Kuchonga mfuo kulichukua siku tatu. Ni kazi ya patasi ndogo na subira kubwa, kwa kuwa mfuo ukiwa mpana kuliko ubao, hakuna lami itakayousaidia, na ukiwa mwembamba kupita kiasi, ubao ukivimba utaupasua mtumbwi wote. Baba Mzee aliupima ubao mara nyingi hata vijana wakaanza kuhesabu kwa kicheko: mara 19 aliuingiza na kuutoa, kila mara akikwangua uzi mmoja wa mti. Ubao wenyewe tuliupata kwa seremala mmoja aliyekuwa akiuweka kwa ajili ya mlango. Alitupa kwa nusu ya bei, akisema mlango unaweza kungoja.

Tulipokuwa tukingoja lami ipoe, tulikagua makafi. Watu huyadharau makafi. Lakini sisi tuishio karibu na Nyangwe hatuna ruhusa ya kuyadharau. Mwaka 1871 David Livingstone, aliyekuwa amekaa kwa miezi mingi Kabambare akiugua vidonda vya miguu, alifika Nyangwe akitaka mitumbwi ya kuushuka Lualaba. Hakupata, wenye mitumbwi hawakumwamini yeye wala watumwa wa biashara aliofuatana nao, na historia yatuonyesha kwamba walikuwa na sababu. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka huo, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki katikati ya umati, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Watu walikimbilia mitumbwi yao iliyokuwa imebanana katika kijito. Kwa hofu wanaume walisahau makafi. Mitumbwi ikakwama, ikajaa kupita kiasi, ikazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Miaka mitano baadaye Stanley aliondoka Nyangwe na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kuchukuliwa mabegani. Aliiacha mwaka 1877 karibu na maporomoko ya Isangila, imechoka. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya mashua hiyo. Sisi hukumbuka zaidi yale makafi yaliyobaki ufukweni.

Kwa hiyo makafi yetu ni manne ingawa wapiga kafi ni wawili, na yote yamefungwa kwa kamba fupi ndani ya mtumbwi. Moja tulilikuta na ufa shingoni. Tukalivunja wenyewe juu ya goti ili asije mtu akalirudisha kwa huruma. Chombo cha kufulia maji ni nusu ya bidoni, nacho kimefungwa vilevile. Mwisho Baba Mzee alichora kwa rangi nyeupe mstari mmoja ubavuni, nje, kulia na kushoto, sentimita 15 chini ya ukingo. Hakuandika neno lolote. Alisema maji yatausoma.

Mwezi wa kumi na moja kijito kilipata maji. Hatukupakia watu. Tulijaza magunia 14 ya mchanga, kila moja kilo 40, uzito wa abiria saba, tukaushua mtumbwi na kuuacha usiku kucha umefungwa kwenye mwembe. Asubuhi tulikuta ndani maji ya kina cha vidole viwili, na uzi mwembamba wa maji ukiingia upande wa kushoto wa ubao, chini. Vijana walitazamana. Baba Mzee akaingia, akalala kifudifudi, akaweka kidole pale kwa muda mrefu, akasema, "Hili mti utalifunga wenyewe." Tulikuwa na mashaka, lakini tulifua maji tukangoja. Siku ya pili uzi ulikuwa jasho. Siku ya tatu palikuwa pakavu. Mvule ulikuwa umekunywa ukavimba, na ubao ukauma mfuo wake. Ila kulikuwa na msumari mmoja wa bati, karibu na kichwa, uliokuwa ukitoa matone, huo hakuusamehe. Tuliyatoa magunia yote, tukaupandisha tena, tukauchomoa, tukaziba tundu kwa kigingi cha mti na lami, tukaushua mara ya pili.

Karo ya watoto haikungoja mtumbwi. Vijana wale watatu walibeba matofali kwa jirani anayejenga, siku sita, wakaleta fedha bila hotuba. Ilitosha watoto wawili, na shule ikakubali kuwasubiri wengine wawili hadi Noeli.

Siku ya kwanza ya soko walikuja watu mapema. Waliingia saba, na maji yakasimama sentimita moja chini ya mstari mweupe, kama mchanga ulivyokuwa umetuonyesha. Mtu wa nane alikuwa mama mmoja aliyetoka njia ya Kabambare, na bidoni mbili za mafuta ya mawese kichwani na mkononi. Akaweka mguu mmoja ukingoni.

"Mama, tusamehe," kijana wa mbele akasema. "Tumetimia. Tutakurudia."

"Mwaka jana mlinichukua, nikiwa wa nane hivihivi."

"Mwaka jana mtumbwi ulikuwa mrefu, Mama," Baba Mzee akamjibu kutoka ufukweni.

Mama akautazama mkia mpya, ubao mweupe katika mti mweusi. Akatua bidoni, akauliza safari ya kwenda na kurudi ni ya muda gani. Tukamwambia ni chini ya saa moja. Basi akatandika kikwembe chini ya mwembe, akafungua muhogo wake uliofungwa katika jani, akaanza kula.